Hofu ni Kwako

3 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Mimi sijambo, ila chaki imenimaliza koo.

Mwalimu mkuu amenipa somo jipya la kidato cha tatu: heshima katika mahusiano, na usawa wa wasichana na wavulana. Leo niliwauliza, "Mtu akikwambia sitaki, anamaanisha nini?" Mvulana mmoja akajibu, "Ongeza kubembeleza!" Darasa likaangua kicheko.

Akasimama msichana wanayemwita Kimya. Akamgeukia nahodha wa timu ya mpira. "Mimi nilikwambia sitaki, ukaninyang'anya simu usome nani ananiandikia. Nirudishie."

Kicheko kikakatika kama umeme. Yule kijana akaitoa simu mfukoni, akampa huku anatabasamu. Mama, lile tabasamu sikulipenda.

Mwanao

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, tumeshazoeana. Kaka yako anakusalimu, anasema mwalimu wa mahusiano mwenyewe hana mchumba.

Nilicheka, kisha nikarudia hapo pa tabasamu, kicheko kikaniisha. Mvulana aliyeaibishwa mbele ya wenzake ni moto wa pumba, huoni mwali wake. Mwombe mkuu akupe jiografia. Mtoto wa watu ana wazazi wake.

Mama yako

17 Februari

Mama,

Shikamoo. Afya nzuri, usingizi ndio hauji.

Jiografia ina mwenyewe. Siku hizi namsindikiza Kimya hadi kwao, maana nahodha na wenzake wawili wanatufuata. Hawatukani, hawasemi kitu. Tukisimama, wanasimama. Nyuma ya karakana ya mbao, pasipo na nyumba, nasikia viatu vyao tu. Nimemweleza mkuu. "Mambo ya kitoto hayo, mwalimu."

Jana Kimya aliniuliza, "Mwalimu, si bora ningenyamaza?" Mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Akiumizwa je?

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Hii ni barua ya pili tangu uniandikie habari za karakana, ya kwanza hukuijibu, na simu yako haipatikani. Kaka yako amepiga shuleni, wamemwambia uko likizo. Likizo gani katikati ya muhula?

Watu huandika "hofu ni kwako" kwa mazoea tu. Mimi leo naiandika kweli kweli. Niandikie, hata neno moja.

Mama yako

8 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Niko hai. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa plasta.

Walitungoja pale karakana. Nahodha alimkaba Kimya shingo, anamwambia, "Sema tena. Sema hutaki." Na Kimya akasema hataki, mama! Sauti haikutoka, lakini midomo niliiona. Nikamvuta yule kijana shati, wenzake wakanisukuma mtaroni, mfupa ukalia. Nilipiga yowe mpaka maseremala wakatoka na mbao mikononi. Simu yangu ilizama humo humo.

Polisi walimkamata, lakini Jumatatu katoka kwa dhamana. Nilimwona ng'ambo ya barabara, anakunywa soda, ananitazama. Mkuu kasema nipumzike, na somo nalo "lipumzike" kidogo.

Jana nilirudi bila ruhusa yake. Niliingia darasani, macho hayatoki mlangoni. Kimya alikuwepo, kitambaa shingoni, baba yake kaketi nje anamngoja. Tukasoma. Kengele ilipolia wavulana wakatoka, Kimya akaenda kwa baba yake. Wasichana wanne wakabaki wamekaa, kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Nikafunga mlango, nikavuta kiti, nikakaa nao. Yule mdogo wao akainua uso.

"Mwalimu," akanong'ona, "anayenisumbua mimi si mwanafunzi." Akaelekeza macho upande wa ofisi za walimu.

Usiniite nyumbani, mama. Niombee.

Mwanao