Dawa Mbili, Macho Mawili

Mahajanga

Dada Zaina,

Salamu kwako na wote hapo Andoany. Joto la huku hukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Hospitalini nimekutana na mama wa Antsahampano mwenye ugonjwa adimu kama wangu, wa vidonda mdomoni na macho kuvimba kwa ndani. Vidonge vilivyoniumua uso bure, yeye vimemrudishia nuru. Nikamuuliza daktari, "Mbona mimi havikunifaa?"

Akajibu, "Miili haifanani. Wewe tujaribu sindano."

Hii ni wiki ya tatu ya sindano, na ukungu machoni umeondoka. Jana nilikula samaki, miiba nikaichambua mwenyewe. Mwambie Mama macho hayajapotea. Kadi hii nimeiandika kwa mkono wangu.

Mungu akutunze, dada yangu.

Mdogo wako,
Mariamu