Kwa Nafula, Niliyemkana Mbele ya Kamera

Nafula wangu,

Natumaini umekula. Najua hiyo si njia ya kuanza barua kwa mtu ambaye hajashika simu yangu tangu mvua ianze, lakini ndilo swali linalonijia nikiamka, na mengine yote husubiri nyuma yake. Huko Eldoret kuna baridi. Sweta yako nzito uliiacha hapa kwa msumari.

Naandika kwa mkono, kwa daftari, na wewe unajua shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo usinihesabie makosa. Wanjiru wa saluni, hapa kando ya kibanda changu cha chakula, atapiga kurasa picha aziweke kwa mtandao, mahali wale wote waliokutukana wanaweza kusoma. Nimemwambia asirekebishe kitu.

Unakumbuka chapati ya kwanza? Kila asubuhi chapati yangu ya kwanza hutoka mbaya, kikaango hakijashika moto sawasawa, na mimi huila mwenyewe nikiwa nimesimama. Ulikuwa umemaliza kozi yako ya matangazo, kazi hakuna, unakaa juu ya mtungi wa maji ukinitazama. Ukaniambia, "Mum, hiyo usikule. Inakaa kama ramani ya Uganda." Ukaipiga picha, ukaandika: Hii inakaa nini? Atakayejibu vizuri kushinda wote, aje kibandani Free Area aikule bure.

Nilikuona mjinga. Nikakwambia mtu hutangaza kitu kizuri, si kile cha aibu. Ukacheka. "Mum, vitu vizuri vimejaa huko mpaka watu wamechoka. Wanataka kucheka kidogo na kushinda kitu."

Na wakaja! Wiki ya pili tayari madondo, yale maharagwe yangu, yalikuwa yanaisha kabla ya saa saba. Yule mzee wa Kihoto ndiye sitamsahau. Aliandika kwamba ile chapati ni ramani ya kwao maji ya ziwa yakiingia, kwa sababu ilikuwa na shimo kubwa katikati na kila kitu kimesukumwa pembeni. Akatoka Naivasha kuja kula chapati moja. Akaonyesha kipande kilichoungua, akasema, "Mathe, hapa ndipo nyumba yangu ilikuwa," halafu akakila. Sisi watatu tulicheka mpaka nikaunguza zingine mbili.

Hukuwa unarekodi uso wangu. Mikono tu, unga, na ile sauti ya chapati ikigeuzwa. Siku moja nilijifunga kitambaa kipya nikitumaini utaniweka, ukanitoa kwa picha. "Uso ni wako, mum. Hiyo hatuuzi." Nilinuna siku nzima. Sikukwambia, lakini nilinuna.

Halafu ukapata ile hoteli ya Naivasha, wakataka uwe unawafanyia matangazo yao ya mtandao. Ukahamia huko. Baada ya miezi michache ulisema utakuja Jumapili, ukakosa. Jumapili ya pili ukatuma ujumbe kwamba kuna kazi. Nilikuwa nimepika kuku.

Ile Jumanne iliyofuata ndiyo walikuja wale watu wa tangazo la mafuta ya kupikia. Walikuwa wameona ukurasa wako. Wangenipigia kibanda rangi, wanipe jiko la gesi na mwavuli mkubwa, nami niseme maneno machache tu. Nilitia sahihi bila kukupigia simu. Nilijiambia ni kukushangaza. Si kweli. Nilitaka nifanye kitu bila wewe.

Dada aliyekuwa mkubwa wao alikuwa na sauti tamu sana. Akaniuliza, "Mathe, una watoto wangapi?" Sasa wewe unajua kwetu watoto hawahesabiwi mbele ya wageni. Nyanya yako angenipiga mdomo. Nikacheka, nikajibu vile tunajibu siku zote: "Ah, mimi sina mtu, niko tu na Mungu." Mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua nyumba imejaa, anaendelea na stori nyingine.

Lakini yule dada akageukia wenzake, macho yamewaka. "Hiyo ndiyo! Rudia hapo, mathe. Usicheke sasa. Angalia chini."

Nikajua, Nafula. Nataka uelewe hapa. Mara ya kwanza ilikuwa mila. Mara ya pili nilikuwa nimeshajua wanataka nini, na nikasema. Mara ya tatu nikakumbuka yule kuku na ile sahani yako niliyoifunika, na machozi yakaja yenyewe. "Sina mtu." Walipiga makofi wote. Mmoja akasema, "Mathe, wewe ni moto!" Mimi hakuna mtu amewahi kunipigia makofi kwa kitu chochote, hata shuleni. Nilienda nyumbani nikiwa nimefurahi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nimeshindwa kuungama hata kanisani.

Tangazo lilipotoka, waliandika juu ya uso wangu: Wote walimwacha. Mafuta hayakumwacha.

Watu wakalia nalo. Wakalituma kila mahali. Halafu mmoja akasema, huyu si yule mama wa chapati ya kwanza, aliye na binti? Wakakutafuta wewe. Matusi yao niliyasoma, Wanjiru alinisomea mengine. Walikuita mchawi. Walikwambia kuku hufuata mamake lakini wewe umeshindwa na kuku. Ile hoteli ikakwambia haiwezi kufanya kazi na mtu aliyemtupa mzazi wake.

Ukaja. Hukuketi. Uliniuliza ukiwa mlangoni, kwa upole, ningependa ungepiga kelele: "Mum, hii ulisema wewe?"

Nikakujibu, "Wamekata-kata maneno yangu."

Na ukaniamini. Ulienda ofisini kwao kunipigania. Wakakufungulia video yote, mwanzo hadi mwisho, ukaniona nikisema mara tatu, ukaniona nikipangusa macho halafu nikiuliza kama imetoka vizuri. Sijui ulisimama ofisini hapo vipi. Nafikiria miguu yako. Kutoka hapo ulienda stendi moja kwa moja, ukapanda gari la Eldoret.

Mwezi uliopita nilikwenda mimi mwenyewe kuwaomba walitoe. Yule dada aliniletea soda. Akasema haliwezi kutolewa, karatasi nilitia sahihi, na tena linafanya vizuri sana. Kisha akasogeza kiti karibu. "Mathe, tumefikiria sehemu ya pili. Binti anarudi. Anakukumbatia hapo kibandani, mnapika pamoja. Watu watalia! Na jina lake litasafishwa bure. Wewe mlete tu."

Nitakwambia ukweli, kwa sababu nimechoka na ule mwingine. Sikukataa mara moja. Nilikunywa ile soda yote nikiwaza kwamba hiyo ingekuwa njia ya kukuona. Nilikuona ukishuka kwenye gari. Ni mpaka aliponiuliza kama unalia kwa urahisi ndipo nilisimama. Nikamwambia mtoto wangu hatalia kwa ajili ya mafuta. Wamechukua mwavuli. Rangi yao bado iko, nimenunua ya kijivu, Wanjiru atanisaidia kuipaka.

Basi ninyi mnaosoma, na mliomwandikia matusi: Nafula ni mtoto wangu. Hakuniacha. Kibanda mlichokijua, yeye ndiye alikifanya kijulikane, na kila mwezi alikuwa ananitumia unga kutoka Naivasha. Aliyemwacha mwenzake ni mimi. Wa ile hoteli, kama mnasoma, mlimfukuza kwa uongo wangu.

Sikuombi urudi, mwanangu. Sikuombi hata ushike simu. Ukitaka kukaa na hasira, kaa nayo, ni yako kwa haki. Kula tu, na utafute sweta nyingine.

Wanjiru aliniambia barua haina nguvu siku hizi, nisimame mbele ya simu niseme haya kwa mdomo, yataenda mbali zaidi. Alikuwa ameshasafisha kioo cha simu. Nikamwambia hapana, acha niandike. Kwa sababu sasa najijua, Nafula. Ningelia vizuri.

Kaa salama huko uliko,

Mama yako