Salamu Nilizotoa Ng'ambo ya Mpaka

Jumapili, Kibondo.

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyolowesha shamba wala kukuacha uanike nepi. Kanisani sikwenda. Nimekaa jikoni na moshi wa kuni mbichi, Tumaini anavuta ziwa la kushoto, analiachia, analia, anavuta tena. Tangu jana halijanyonywa, limekuwa gumu kama kiazi. Nina homa kidogo na hasira nyingi.

Leo sina neno zuri kwa mtu yeyote.

Jana nilikuwa Burundi, nimepiga disko. Ndiyo, mimi. Josefu mume wangu ndiye fundi wa mashine, anajua waya upi unaingia wapi, lakini sikio hana. Ukimwachia kanda anaunganisha bolingo na kwaya. Kwa hiyo hapa Kibondo kila Jumamosi yeye anaunga, mimi napiga. Watu walisema weee mpaka wakachoka, eti mwanamke ana mtoto mgongoni na maiki mkononi. Mama mkwe peke yake ndiye hajachoka.

Sasa kuna Deo, mwenye baa upande wa Burundi, ukivuka tu mpaka pale Mabamba. Alitusikia hapa sokoni akanijia. "Madamu, njoo uwape watu wangu ambiansi." Josefu akakubali kabla sijafungua mdomo. Tumaini akabaki na bibi yake na chupa ya uji, mimi nikapandishwa pikapu na spika kama mzigo wa tatu.

Kabla hatujaondoka alikuja mama mmoja, jirani yetu, anauza dagaa. Mwanawe yuko huko. Nitamwita Salvatori, silo jina lake. Walikimbia vita huko yeye akiwa mgongoni, akakulia hapa, akajifunza ushonaji hapa. Mwaka jana akasema anarudi kwao. Akapanga chumba karibu na baa ya Deo, na tangu aondoke mama yake hajamtia machoni.

Mama akanishika mkono dirishani mwa gari. "Ukishika maiki, umsalimie mwanangu. Asikie tu jina lake."

Huko disko linaanza saa kumi, jua bado liko juu, maana giza likiingia kila mtu anataka awe kwake. Wamekaribia kupiga kura. Deo alituonya tusitaje chama chochote. Onyo lake lote lilikuwa hilo.

Hawakunipenda. Walijipanga ukutani, mikono wameikunja, wananiangalia kama watu wanaosubiri nikosee. Mmoja akauliza kwa sauti, "Dijei mwenyewe yuko wapi?" Josefu akaninyooshea kidole, wakacheka. Wimbo wa kwanza, hakuna mguu uliotikisika. Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu ndipo maziwa yakatoka, blauzi ikalowa mbele yote. Sina kanga ya kujifunika, nimeifunga kwenye amplifaya isipate vumbi.

Dada mmoja wa mbele, mdomo mwekundu, akasema, "Kumbe dijei ananyonyesha. Tuletee na sisi glasi."

Nikamjibu kwenye maiki. "Haya ni ya mtoto mmoja tu, dada. Wewe malizia bia yako."

Hapo wakacheka kicheko kingine, cha kuwa upande wangu. Yule dada akawa wa kwanza kuingia kati. Ukumbi ukajaa, vumbi likapanda, na mimi nikajiona niko nyumbani. Kichwa kikavimba.

Nikatoa salamu.

Kwetu disko bila salamu ni redio mbovu. Unapunguza sauti, unamtaja mtu, unamtaja na baba yake, unataja na alikotoka, watu wasije wakauliza ni Salvatori yupi. Aliyetajwa ananyoosha mkono, wenzake wanamsukuma katikati acheze peke yake. Ni heshima. Kuna watu hapa Kibondo wananinunia wiki nzima kwa sababu niliwataja bila baba.

Basi nikasema. Salamu zimfikie Salvatori, mwene Barnaba, wa kilima fulani. Kilima nilikitaja; hapa sikiandiki. Zinatoka kwa mama yake mzazi, Kibondo, Tanzania.

Nilikuwa namwona. Amesimama mlangoni, futi ya kupimia iko shingoni. Hakunyoosha mkono. Aliangalia chini. Walio karibu naye hawakumsukuma, walisogea. Hata kanda ikawa inazunguka na hakuna anayecheza.

Kulikuwa na mzee wa koti kwenye meza ya Deo. Akaweka glasi chini taratibu. Akauliza, "Mwene nde?" Mtoto wa nani?

Mimi nikadhani hajasikia kwa ajili ya spika.

Nikarudia. Kwenye maiki, jina la baba na kilima, neno kwa neno, na sauti nimeongeza.

Deo alinijia mbio, uso umembadilika. "Zima. Madamu, zima." Ndipo akaniambia sikioni. Kile kilima, mashamba ya marehemu Barnaba anayalima mzee wa koti, tangu wenyewe walipokimbia. Salvatori alikuwa amewaambia watu anatoka Bujumbura na hana ndugu. Deo peke yake ndiye alijua kwamba anangoja mambo yatulie ndipo aseme yeye ni nani. Nimemsemea mimi.

Nilipoangalia mlangoni hayupo. Vijana wawili wa meza ya mzee wakainuka, wakatoka, hata hawakuwa na haraka. Yule dada wa mdomo mwekundu akanipita akaniambia, "Ninyi Watanzania mnazaliwa na spika mdomoni."

Tulilala stoo kwa Deo. Alfajiri ya leo, kabla ya pikapu, nikapita chumbani kwa Salvatori. Mlango wazi, cherehani ipo, suruali ya mtu bado iko chini ya sindano. Majirani nikawauliza. Kila mmoja alikuwa na kazi ya kufanya.

Njiani Josefu ananiambia si kosa langu, nilimsalimia tu. Nikamwambia anyamaze. Sitaki kutulizwa na mtu aliyeikubali safari kabla yangu.

Mama yake Salvatori amekuja watu walipotoka kanisani, kitenge cha ibada bado kiko kiunoni. Ananitabasamia tangu barabarani.

"Alisikia?"

Ningeweza kumdanganya. Nimemweleza yote, mpaka suruali chini ya sindano. Hakulia. Amenisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza polepole, "Nilikuambia umtaje yeye. Na baba yake nilikutuma?"

Hakunituma. Nilitaka kumwambia kwamba harusi ya mwaka jana yeye mwenyewe alinirudisha kwenye maiki kwa sababu nilimtaja bila ukoo wake. Nimelimeza hilo neno.

Hajaondoka. Amekaa uani chini ya upenu, amenipa mgongo. Nimempelekea uji, umepoa na kuota utando. Mama mkwe amepita mara mbili akiguna, ili nijue kwamba yeye alishasema. Tumaini alipozidi kulia, yule mama akanyoosha mikono bila kunitazama, akamlaza mapajani, akamwambia, "Wewe sina neno na wewe." Mtoto akalala palepale. Mimi nikasimama mlangoni na ziwa langu bovu.

Na yule mzee wa koti namchukia. Mtu mzima, anakula shamba la marehemu miaka yote hiyo, halafu jina tu linamfanya aweke glasi chini. Namchukia, lakini jina alilipata kwangu.

Nimeamua. Kesho nakwenda Mabamba, na Tumaini mgongoni; simwachi tena. Kesho ni siku ya soko pale, watu wa ng'ambo wanashuka na ndizi zao, na anayekimbia anapita humohumo katikati yao. Nitakaa wanapotokea, mpaka Salvatori atokee au mpaka mtu anieleze aliko. Josefu spika atashusha mwenyewe. Mama mkwe aseme.

Nimemwambia yule mama twende wote. Amesema hapandi gari moja na mimi. Sawa, tutapanda mawili.

Kitu kimoja tu ndicho kinachoninyima usingizi. Soko litakuwa limejaa watu wa pande zote mbili, na sijui nani anakula meza moja na nani. Nikimwona kule katikati yao, ananipita bila kuniona, nimwite nani?