Mwanao Nilivyomweka Benchi

Kariakoo, Alhamisi

Dada yangu Ndeshi,

Shikamoo dada. Mguu wa mama unaendeleaje, na shemeji kikohozi kimemwachia? Huku ni wazima, watoto wote wawili wazima, duka la vitenge linakwenda. Nimeona niandike, maana nikipiga simu nikasikia sauti yako nitaishia kuulizia ndizi na mvua.

Ni kuhusu Upendo wako.

Unakumbuka Glory wangu alivyonenepa. Hapa ghorofani hakuna pa kuchezea, na ukishuka chini ni marobota na mikokoteni hadi mlangoni. Daktari akasema mtoto anahitaji mazoezi, basi nikamwandikisha kuogelea kwenye klabu moja kule Upanga. Baba Glory akauliza, "Na Upendo je?"

Nikamjibu, "Si anapandisha ndoo za maji kila siku? Anataka mazoezi gani tena?" Na nikacheka.

Tangu hapo kila Jumamosi mwanao anatubebea begi, anakaa benchi ameshika taulo la mwenzake.

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliyekaa karibu yetu akaniambia, "Una bahati, dada wako wa kazi ametulia." Upendo yuko hapo hapo. Nikasema, "Asante, nimemtoa nyumbani Kilimanjaro." Ndivyo nilivyosema, dada. Ningemwambia ni mtoto wetu, angeniuliza mbona haogelei.

Punde Glory akaita kutoka majini, "Upendo, njoo!"

Akamjibu kwa upole, "Siruhusiwi. Mimi ni wa kazi."

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Tulipofika nyumbani nikamwambia nitamwandikisha na yeye. Akatikisa kichwa. "Mama mdogo, mimi napenda rede. Shuleni wenzangu wanabaki jioni kucheza. Niruhusu tu nichelewe kidogo kuchota maji."

Kumbe tangu aje hajawahi kubaki hata siku moja. Nikamwambia abaki, maji nitachota mwenyewe.

Jana nikafunga duka mapema nikaenda kumwangalia. Uwanja wa shule yao umebaki kipande tu, kwingine wamejenga madarasa. Watoto wanapokezana, na mpira wenyewe ni soksi iliyojazwa mifuko ya plastiki. Upendo alikuwa katikati, anakwepa, anaruka, anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia ndani ya nyumba yangu.

Halafu akaniona. Akaacha mchezo, akakimbilia begi lake.

"Samahani mama mdogo, nakuja. Maji yameisha?"

"Nimekuja kukuangalia tu," nikamwambia. "Rudi ucheze."

Akanitazama kama mtu anayetegwa. Wenzake wakamwita, wakamwita tena. Akabaki amesimama pembeni yangu, begi mgongoni, mpaka nikaona bora tuondoke.

Dada, ulinikabidhi mtoto ukasema hapa ni kwao. Ukija kumchukua sitakuwa na la kusema. Ila muulize yeye kwanza. Siku utakayopiga nitawaachia simu nitoke nje, asiogope kusema mbele yangu.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya kuchua mguu nimeituma. Msalimie shemeji, na yule shangazi yetu wa kwaya. Glory anakuamkia. Upendo nimemwambia nakuandikia. Akasema nikuambie hajambo, na kwamba ninamtunza vizuri.

Mdogo wako,
Aika