Magari Manne Kwenye Kabati la Kioo

Jumatatu, 6 Machi 1995
Ekseli ya nyuma ya gari la nne imekataa tena. Bati la kopo la mafuta ya kupikia ni jembamba, moto wa lehemu ukizidi linajikunja. Nitarudia kesho. Nilimwacha mume wangu Mathias kitandani nikienda kuuza mitumba soko la Kirumba, nimerudi mchana nikamkuta palepale. Tangu wampunguze kiwandani ndiyo kazi yake.

Magari yangu majirani wanayaita midoli. Si midoli. Ni magari ya mashindano ya Marekani, yale yanayokimbia mawili mawili kwenye njia iliyonyooka, sekunde chache tu, basi. Pua ndefu, tairi za nyuma kubwa mno, za mbele nyembamba kama za baiskeli. Niliyaona kwenye gazeti la picha lililokuwa katikati ya robota la makoti. Kila kitu nimekipima: inchi moja kwangu, kumi na sita kwao. Ni kitu pekee ninachokifanya bila kuombwa na mtu.

Alhamisi, 9 Machi
Mathias alibeba lile gari jekundu akampelekea mwenye hoteli mpya ya ufukweni. Hakuniuliza. Karudi anacheka. Mzee kalipenda. Anayataka yote manne kwenye kabati la kioo, mapokezi, siku ya ufunguzi. Mathias kala ugali wote, kaongeza. Sijamwona hivi tangu mwaka juzi. Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi, nisije nikasahau.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya ibada mwalimu wa kwaya kanishika mkono. "Hongera, Mama Neema, kwa yale magari. Mumeo ana mikono!"

Mikono ya nani?

Nilimsubiri Mathias mpaka tukafika nyumbani. Hakukana. "Mzee alidhani ni mimi. Ningeanza kubishana na mtu mzima?"

Nikamwambia ilitosha kusema neno moja. Akasema namtafutia aibu. Akatoka.

Jumanne, 14 Machi
Mama mkwe kaja kutoka Majita na samaki wakavu. Nilimwamkia shikamoo, kabla hata ya kuketi kaanza.

"Mama Neema, mwache mwanangu naye aonekane mtu. Wewe unapungukiwa nini?"

Nilichukua samaki nikaingia jikoni. Ningejibu ningelia.

Gari la nne limekamilika. Injini ya mirija ya kalamu, bomba za moshi nimezivika karatasi inayong'aa ya sigara. Rangi ya kucha, nimepaka mara tatu. Nyuma kuna parachuti ya kitambaa cha shumizi yangu, kwa kuwa haya magari breki peke yake haziyatoshi. Ndilo zuri kuliko yote. Nililishika muda mrefu nikifikiria kulikanyaga. Nikalifunga kwenye kanga, nikampa Mathias.

Jumamosi, 18 Machi
Ufunguzi. Nilivaa gauni la harusi ya dada. Magari yamepangwa kwenye kioo, taa juu yake, yanang'aa kuliko nilivyoyajua. Moyo ulinidunda kama wa msichana. Kisha kikadi: jina la Mathias. Peke yake.

Mgeni mmoja kauliza tairi zimetengenezwa na nini. Mathias kasema mpira wa baiskeli.

"Ndala," nilisema. "Ndala nyeusi. Nilizikata mwenyewe kwa wembe."

Mwenye hoteli akapasuka kicheko. "Kumbe na mama anasaidia!" Wote wakacheka. Mathias naye. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka.

Jumatatu, 20 Machi
Hanisemeshi. Alichosema ni kwamba nimemdhalilisha.

Nilikwenda hotelini mwenyewe. Nikamwomba mzee abadilishe kikadi au anirudishie vitu vyangu. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia na soda. Halafu: "Mama, mambo ya nyumbani yamalizeni nyumbani. Mimi nimepewa na mumeo."

Soda sikuigusa. Nilipita mbele ya kabati bila kutazama. Uongo. Nilitazama. Limefungwa kwa ufunguo.

Ijumaa, 24 Machi
Wamemwajiri Mathias. Fundi wa matengenezo wa hoteli. Mashine anazijua, hilo simnyimi, miaka kumi na moja kiwandani. Lakini mlango umefunguliwa na mikono yangu. Kaja na nyama kilo mbili. Mama mkwe kapiga vigelegele, Neema kacheza. Nilipika. Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, 28 Machi
Sijashika koleo wiki mbili sasa. Namchukia. Asubuhi nampigia pasi shati.

Jumapili, 2 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Mama mkwe kasharudi kwao. Mathias kaweka mezani bati jipya, risasi ya kulehemu, na mkasi wa bati wa dukani. Mzee anataka mawili zaidi, ubavuni yaandikwe jina la hoteli.

"Tengeneza," nilimwambia.

Alinitazama. Akavuta kiti, akakaa. Alikata bati kombo, akaligeuza, akakata tena, likamchana kidole gumba. Nikaleta kitambaa, nikamfunga. Hakuutoa mkono.

"Unaanzia wapi?" aliuliza, taratibu, kama anayeuliza njia.

Naanzia chasisi, reli mbili za waya mnene, kabla ya bati lolote. Sikumwambia. Nilikaa upande wa pili wa meza, tukasikiliza mvua.