Usiiuze Pikapu Leo

Papa,

Chai imo kwenye termosi, mkate nimeufunika. Mnunuzi kutoka Nkungu akifika, tafadhali usimpe ufunguo.

Injini haijafa. Leo asubuhi, ulipokwenda misani kwa miguu, niliiwasha nikachomoa nyaya za buji, zile plagi za kuwashia, mmoja baada ya mwingine. Kwa wa kwanza, wa pili na wa nne, injini ilizidi kutetemeka. Kwa wa tatu, haikubadilika hata kidogo: buji yake ilikuwa haiwashi. Shimo la buji hiyo lilikuwa limejaa maji ya sabuni. Papa, kila Jumamosi unaosha mpaka injini ili gari liende kanisani likiwa safi. Ndiyo sababu linasumbua kila Jumapili! Nimelikausha shimo, na sasa injini inanguruma vizuri.

Nilikungoja uisikie mwenyewe, lakini basi la Huye halingoji. ~~Jana ulinicheka mbele ya fundi: "Batoto ba inivesite banatengenezaka motokari na biki!" Eti sisi wa chuo kikuu tunatengeneza magari kwa kalamu! Iliniuma.~~ Sikukasirika.

Tangu Maman afariki, humu nyumbani tunasalimiana tu. Ni ndani ya pikapu, tukielekea kanisani Rwimbogo, ndipo unaponisimulia mambo. Ukiiuza, nikirudi likizo tutaongea wapi?

Binti yako,
Vestine