Barabara ya Kivuko Ilipita Jikoni Kwetu

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache asubuhi ile ya Jumanne, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, ukijiandaa kwenda kazini ulikostaafu miaka minne nyuma.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka masjala ya halmashauri na vumbi la mafaili kwenye nyusi. Miaka thelathini na moja ulitunza kumbukumbu za barabara, madaraja na vivuko, na hukuleta nyumbani hata karatasi moja. Watu walikuita Mzee Vivuko. Ukiulizwa habari za daraja, ulitaja mwaka lilipojengwa, fundi wake na mvua iliyolitikisa. Majina ya wajukuu uliyachanganya, ya madaraja kamwe. Aliyekuja ofisini na shida ulimpa kiti chako, wewe ukasimama.

Uchovu wetu ulianza hata arobaini yako haijaisha vizuri. Daraja kubwa lilipata ufa, halmashauri ikataka kurudisha kivuko cha zamani, na wapimaji wakaja kupaka alama nyekundu kwenye jiko la nyumba aliyotuachia Babu. Walisema barabara ya kivuko inapita hapo. Tukacheka. Si ilikufa daraja lilipofunguliwa? Tukajiambia faili la Baba litatuokoa.

Tulilifuata miezi tisa. Njoo kesho, njoo Alhamisi, mwenye ufunguo yuko likizo. Ngazi zile zilimvimbisha Mama miguu. Mwishowe karani uliyemfundisha kazi, yule uliyemwita Mwanafunzi mpaka akaota mvi, akalitoa.

Ndani tulikuta mwandiko wako: “Barabara ya kivuko haijafutwa. Upana futi sitini. Nyumba ya mtunza kumbukumbu imo ndani.” Chini yake sahihi, na mwaka aliozaliwa kitindamimba wako. Kumbe ndiyo maana ulikataa jiko la matofali, ukasema bati linatosha, nasi tukakuita bahili! Ulijua miaka ishirini na sita ukanyamaza. Lilituuma hilo, Baba, na bado linatuuma.

Mwanafunzi alimtazama Mama. “Mama, karatasi hiyo haina nakala. Mimi naenda kunywa chai.” Akatoka, akafunga mlango.

Kitindamimba akaushika ukurasa.

“Acha,” Mama akasema.

“Mama, si nyumba yetu hii? Tutakwenda wapi?”

“Sijui. Lakini baba yako hayupo kujitetea. Ukiichana hiyo, faili lake litadanganya, na mwongo atakuwa yeye.”

Kitindamimba akauachia ukurasa. Tulikaa tu, faili limefunguka mezani, mpaka Mwanafunzi aliporudi akalikuta zima. Alijifuta macho kwa mkono wa shati.

Tulihama Jumamosi iliyopita. Tuko watu saba katika vyumba viwili vya dada yako, na foleni ya kuoga inaanza alfajiri. Mama anakulaumu akitandika magodoro, anakuombea akiyakunja. Tumechoka kweli.

Anakukumbuka mkeo. Wanakukumbuka wanao watatu, mkweo fundi cherehani, wajukuu uliowachanganya majina, dada yako anayetusitiri, na Mwanafunzi, aliyeomba naye atajwe.

Umetuacha bila nyumba, Baba. Tumejaribu kukukasirikia mpaka mwisho, tumeshindwa. Tutakukumbuka siku zote.